Kidonda Chini ya Sweta

Siku niliyoungua tulikuwa hawa. Mama mkwe wangu Nyaboke, mwenye shamba. Gesare, mke wa kaka yake mume wangu, ambaye mlango wake na wangu ilitazamana. Moraa, jirani wa ng'ambo ya kijito, tuliyekaa naye benchi moja kanisani kila Sabato. Na nyanya yetu Kwamboka, mama mzazi wa baba mkwe wangu, tuliyemwita Magokoro kama nyanya wote wanavyoitwa kwetu. Baba mkwe mwenyewe alikuwa ameshafariki. Magokoro hakuwa akilima tena, alikaa kando ya migomba na mtoto wangu wa kwanza, Nyangau, mapajani. Wanawake wengine wa egesangio, kile kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, walikuwepo pia, lakini hawaingii katika habari hii. Mume wangu Makori hakuwepo. Alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai. Mimi ni Kerubo, na nilikuwa na mimba changa ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Wa mwisho kufika alikuwa Ondieki, mtoto wa mwisho wa Magokoro, ndugu ya marehemu baba mkwe. Kwa hiyo kwangu naye ni baba mkwe, na nilimwita Tata, yaani baba. Alikuwa dresa, mfunga vidonda, kwenye zahanati ya misheni chini ya kilima. Huko hapakuwa na dresa mwingine.

Ilikuwa huku Manga, Kisii, miaka michache baada ya Uhuru, mvua ndefu zikikaribia kwisha. Tulikuwa tunapalilia pareto ya Nyaboke. Zamu ya kupika ilikuwa yangu. Nilitoa sufuria kubwa ya uji wa wimbi jikoni, nikaishika kwa majani ya mgomba, na mlangoni nikateleza kwenye tope. Uji ulinimwagikia mkono wa kulia na kifuani. Nilikuwa nimevaa sweta nzito ya sufu aliyoniletea Makori. Wimbi inashika kama gundi. Mkononi ulitiririka ukaanguka, lakini kifuani sweta iliunywa wote na kuushikilia hapo.

Gesare alikuja mbio na mtungi akanimwagia maji mkononi. Alikuwa anaanza kunifungua vifungo vya sweta niliposikia Nyaboke akiita kuelekea njiani, "Ondieki, pita huku, mke wa Makori ameungua."

Hapo ndipo nilipojiharibia. Nilishika sweta kwa mkono mzima nikaifunga hadi shingoni.

Wasio wa kwetu wataniona mjinga, basi nieleze. Sisi tuna kitu kinaitwa chinsoni, haya ya heshima. Mke wa mtu hamgusi baba mkwe hata kumpa mkono. Akiingia nyumbani mimi natafuta mlango wa pili. Jina lake silitamki, na hata leo mkono unasita kuandika Ondieki. Sasa mtu kama huyo ndiye aje anitazame titi? Heri ningekufa, na wakati ule nilifikiri hivyo kweli, wala si maneno tu.

Tata Ondieki alisimama mbali kidogo, akautazama mkono, kisha akamwuliza Nyaboke, si mimi.

"Ameungua mkono tu?"

Nyaboke akanitazama. Nikasema, "Mkono tu."

Kwa kazi yake mkono alisamehewa kuugusa, akaufunga vizuri sana kwa kitambaa safi kilichochemshwa. Nilikwenda zahanati kila alipoagiza, nikinyoosha mkono na kugeuza uso ukutani, na palizi ya pili ilipofika mkono ulikuwa umepona. Hadi leo ukiutazama huoni kitu ila wekundu mdogo karibu na kiwiko.

Kifua nilikitibu mwenyewe. Nilipaka samli na majivu kama nilivyoona mama yangu akifanya, nikafunga kwa kitambaa nilichochana kutoka shati kuukuu la Makori. Kitambaa kilishika nyama. Nikikivuta kilitoka na ngozi, basi nikaacha kukivuta. Juu yake nilivaa sweta ileile, jua na mvua. Watu waliniuliza kama nina homa nikasema ndiyo, na baadaye ikawa kweli.

Nisichopenda kukumbuka ni Sabato moja kanisani. Tulikuwa tumekaa, mhubiri anasoma, na Moraa akaanza kunusa huku na huku. Akaninong'oneza, "Kerubo, kuna panya amefia chini ya benchi hii." Mwanamke wa nyuma yetu akasema naye ameisikia harufu. Moraa akainama kutafuta. Na mimi nikainama kumtafuta panya. Nilipapasa sakafuni pamoja nao, nikasema, "Labda amekwenda upande ule." Sabato iliyofuata Moraa alikaa benchi lingine. Hakusema kwa nini, nami sikumwuliza.

Gesare ndiye aliyenikamata. Tulikuwa tunachuma maua ya pareto na mkono wangu wa kulia ulikuwa hauinuki.

"Mbona unachuma kama kuku mwenye bawa moja?" akasema. Alipenda sana kunitania. Nikacheka. Akasogea karibu anitanie zaidi, kisha akanyamaza. Aliweka kikapu chini.

"Kerubo. Harufu hii ni yako."

"Niache."

"Ni yako. Mimi nalala mlango wa pili, nilidhani ni ngozi ya ng'ombe mnaikausha."

Nilimsihi asimwambie Nyaboke. Alikubali, lakini alinishika mkono wangu mzima akanivuta moja kwa moja hadi kwa Magokoro. Alifikiri vizuri, kwa maana kati ya nyanya na mke wa mjukuu wake hakuna chinsoni. Hao wanaruhusiwa kutaniana na kusemezana lolote.

"Fungua hiyo sweta," Magokoro akasema.

"Magokoro, naona haya."

"Mimi nimeona matiti mengi kuliko viazi ulivyomenya. Fungua."

Nilipofungua hakutania tena. Alitazama muda mrefu, akasema taratibu, "Na hapa ndipo mtoto atakaponyonya." Alikuwa ameijua mimba bila kuambiwa. Tangu siku hiyo maumivu hayakuwa tena hofu yangu kubwa. Hofu yangu ikawa moja tu, kama mtoto wa tumboni atapata maziwa.

Magokoro alimwita mwanawe. Tata Ondieki alikuja na mfuko wake, lakini hakuingia. Alikaa kwenye kigoda nje, mgongo umeegemea ukuta wa udongo, uso kwenye zizi la ng'ombe. Sisi tulikuwa ndani, mimi nimelala kwenye ngozi, Magokoro amepiga magoti. Tulitibiwa hivyo, yeye akiuliza kupitia ukuta na mama yake akijibu.

"Kuna usaha?"

"Upo."

"Wa rangi gani?"

"Wa rangi ya usaha. Ulitaka wa rangi gani?"

"Na hapo, pale mahali penyewe, ni juu au ni chini?"

"Mahali gani, Ondieki? Titi? Wewe sema titi, lilikulisha."

Nilisikia anakohoa. "Mama, nitaondoka."

"Kaa hapo. Mimi macho yangu ni mabovu na mikono inatetemeka, na huyu mtoto anaoza. Kuona haya tutaona kesho."

Akabaki. Alituambia tuloweshe kitambaa kwa maji ya chumvi yaliyochemka yakapoa, hadi kiachie chenyewe. Tutupe samli na majivu. Tuchemshe jani changa la mgomba, tuliweke kidondani mahali pa kitambaa, maana halishiki nyama. Aliacha kizingitini dawa ya unga mweupe, akaondoka bila kugeuka. Alikuja hivyo mara nyingi, na hakusema hata mara moja kwamba ningesema mapema. Laiti angesema. Kunyamaza kwake kuliniumiza kuliko chumvi.

Kidonda kilianza kukauka kando, kikaendelea hadi katikati. Pareto ilipokuwa ya mwisho kuchumwa, kilikuwa kimefunga. Magokoro alishangilia, akamwambia kila mtu mkono wangu umepona kabisa, maana siri tuliiweka hivyo. Nami nilidhani nimemaliza.

Basi kovu likaanza kukua. Kwanza liliwasha, nikawa najikuna kwenye nguzo ya nyumba kama ng'ombe. Kisha likainuka, gumu na linang'aa, likapita mpaka wa kidonda na kuingia kwenye ngozi ambayo haikuungua kamwe. Lilikuwa kama tangawizi, na vidole vyake. Kidole kimoja kilipanda begani kikavuta mkono usiinuke juu ya sikio. Kingine kilizunguka chuchu, na chuchu ikazama ndani.

Mtoto alizaliwa wakati wa mavuno ya wimbi ya mvua fupi, msichana, Kemunto. Titi la kushoto lilitoa maziwa. La kulia lilijaa likawa jiwe, likanipa homa ya kutetemeka, na kwa kuwa halikuwa na mlango, likakauka. Kemunto alinyonya upande mmoja akalia upande wa pili. Tulimwongezea maziwa ya ng'ombe na uji mwepesi, lakini alikuwa mwembamba, miguu kama mabua. Kwetu mama ananyonyesha popote, sokoni, kanisani, shambani, na watu hutazama bila kutazama. Waliona.

"Huyu mtoto mbona unambeba upande mmoja tu, kama ndoo?" Nyaboke aliniuliza siku moja mbele ya wageni.

"Ule mwingine hauna kitu, mama."

"Haujawa na kitu tangu lini?"

Nikainuka nikasema moto unazimika. Wiki ile nilimsikia akimwambia Gesare kwamba Makori ni kijana bado, na nyumba inayonyonyesha nusu itazaa nusu. Alifikiri siko. Nilikuwa nyuma ya ghala.

Makori alikuwa amekuja likizo mara mbili tangu niungue, na mara zote nilikaa na sweta. Mara ya tatu, Krismasi, alirudi kutoka kuoga mtoni saa sita mchana akanikuta namwogesha Kemunto, kifua wazi.

"Ni nini hiyo?"

"Uji."

"Uji wa lini?"

"Wa palizi ya mwaka jana."

Nikaona anahesabu miezi. "Nimekuja hapa, nimelala hapa."

Alitoka akapasua kuni hadi jioni, kuni ambazo hakuna aliyemwagiza. Alipoingia, mikono ilikuwa imetoka malengelenge. Aliketi akasema, "Nilidhani hunitaki. Nilidhani ndiyo maana ya sweta." Halafu akasema tutakwenda Kisii, na hatamwambia mama yake.

Hospitali kubwa ya mjini Kisii nilikuwa sijaiona. Benchi la kungojea lilikuwa refu hadi kwenye kona na kuzunguka. Ukikaa asubuhi unasogea makalio kwa makalio, na mtu wa kulia kwako unakuwa unamjua hadi kijiji chake. Wangu alikuwa mama muuza ndizi wa Keumbu, Sarange, mwenye uvimbe sikioni mkubwa kama yai la kuku, mahali alipotogwa akiwa msichana.

"Mimi hereni yangu haiibiwi," aliniambia kabla hata ya salamu. Kisha akaniuliza, "Na wewe umeficha nini?"

Nikamwambia, mtu nisiyemjua, jambo ambalo sikumwambia mama mkwe. Sijui kwa nini ilikuwa rahisi. Alinieleza kwamba kovu lake alishakatwa mahali fulani, likarudi, akakatwa tena, likarudi kubwa zaidi. "Wakikuambia kisu, uliza kwanza," alisema. Mimi Kiswahili sikukijua wakati ule, nilijua Ekegusii tu, lugha yetu. Ni yeye aliyenifundisha neno langu la kwanza la hospitali, "inauma". Mengine nimeyaokota palepale benchini, na baadaye kwenye masomo ya ngumbaru, ya watu wazima, ndiyo maana naandika leo.

Daktari alikuwa kijana aliyetoka mbali, na Sista Bochaberi, muuguzi, mtu wa Nyamira, ndiye aliyetafsiri. Daktari aliutazama mkono, akakitazama kifua, akauliza vipi uji ni mmoja, siku ni moja, na ngozi zimekuwa mbili. Sista akanigeuzia swali. Nikatazama sakafu.

Sista alikuwa wa kwetu. Hakuniuliza mara ya pili. Aliuliza tu, "Dresa wa kwenu ni nani kwako?"

"Ni baba mkwe."

Akamgeukia daktari akamweleza kwa sauti ya chini, ameinamisha kichwa, kama anayemwombea dada yake radhi.

Mambo ya kidaktari mimi si mtu wa kuyaeleza. Aliniambia hivi, na Sista akatafsiri. Ndani ya damu kuna askari. Ngozi ikiumia wanakuja mbio, wanakula uchafu, kisha wanaita mafundi waje wajenge. Kazi ikiisha, askari wanaondoka na mafundi wanaacha. Lakini kidonda kikikaa wazi na kuoza kwa muda mrefu, askari hawaondoki, na mafundi wanaendelea kujenga tu, ukuta juu ya ukuta. Kuna watu damu yao inapenda hivyo zaidi, na kifuani na sikioni ndiko hupenda. Akasema hatakata. Atachoma sindano ndani ya kovu lenyewe, kuwaambia warudi kwao.

Niliuliza jambo moja tu. "Mtoto mwingine atanyonya hapo?"

Sista alitafsiri. Daktari aliinua mabega. Hakujua. Alisema tutajua siku hiyo ikifika, si kabla.

Sindano zilianza kabla ya mvua, zikaendelea mvua zote mbili, na mwaka uliofuata pia. Anayekwenda kuanza, nikuambie ukweli: ya kwanza ndiyo mbaya. Kovu ni gumu, dawa inakataa kuingia, na daktari anasukuma hadi kidole gumba kinakuwa cheupe. Sista Bochaberi alinipa mkono wake niushike, nikaubana hadi pete yake ikaniachia alama. Baada ya miezi kadhaa dawa iliingia bila kusukumwa, na hapo nilijua. Kuwasha kuliisha kwanza. Kisha vidole vya tangawizi vikalala. Siku moja nilianika nguo nikaona mkono wangu uko juu ya kamba. Sarange naye kovu lake lilipungua likawa kama harage, akadai amepoteza mali.

Makori alihama Kericho akapata kazi ya gari la chai huku kwetu. Magokoro alifariki katika miezi hiyo, mvua fupi. Kemunto alinenepa alipoanza kula viazi, leo ni mwanamke mkubwa kunishinda. Masikio yake sikukubali yatogwe, na aliponiuliza sababu nilimdanganya kwamba ni dini.

Mtoto wetu aliyefuata, Bosire, alizaliwa miaka ya sabini imeshaanza. Siku ya tatu maziwa yaliingia pande zote mbili. La kulia likawa jiwe kama zamani, na homa ikaanza kupanda. Makori alikuwa barabarani na gari. Gesare alikuwa ameenda kwao Nyamira kwa msiba. Nilikuwa peke yangu na mtoto analia, nami nimevaa sweta, nyingine lakini sweta, nikijaribu kumwelekeza kwa ndani bila kuifungua.

Nyaboke aliingia bila kubisha. Alikuwa amebeba bakuli la maji moto na kitambaa. Aliketi kando yangu akafungua vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, kutoka juu. Sikuwa na nguvu ya kumzuia. Nilifumba macho.

"Nilijua," alisema.

Nilidhani Gesare amesema.

"Hakuna aliyeniambia. Harufu ile, nani asingeisikia? Mimi ndiye niliyefua shuka zako ulipokwenda mtoni." Alikamua kitambaa akakiweka juu ya titi, akakikandamiza kwa kiganja. "Nilikuwa nangoja useme. Halafu nikaona haya kukuuliza. Halafu muda ukapita, nikaona haya kwamba sikuuliza. Ndipo nikaanza kukusema vibaya."

Sikufumbua macho. Aliendelea kukanda, maji yakipoa anachovya tena. Alinikamua polepole kutoka kwapani kuja mbele, kama mtu anayekamua ng'ombe wa mzao wa kwanza, na chuchu ikatokeza kidogo, ncha tu. Akamchukua Bosire akamshindilia hapo. Mtoto alikasirika, akaachia, akashika tena. Akavuta. Niliumia hadi vidole vya miguu.

"Amemeza," Nyaboke akasema. "Sikiliza koo lake."

Nikasikiliza. Maziwa yalitoka kwa tundu moja tu upande wa chini, na tangu siku hiyo hayakuwahi kumshibisha. Upande wa kushoto ndio uliomlea. Lakini alipenda kulala akiwa ameshika wa kulia, na mimi nilimwacha.

Naandika kwa sababu mwezi uliopita mke mmoja kijana wa hapa chini alinijia na blauzi imegandamana na mbavu, miaka hii, na zahanati zimejaa kila mahali. Nilimwambia haya yote kwa mdomo nikaona nashindwa katikati. Kwenye karatasi nimejikaza. Ukiungua, onyesha pote palipoungua. Kama wa kukutazama ni mtu wa chinsoni, tafuta ukuta na mtu wa kukaa katikati, lakini siku hiyohiyo. Haya yenyewe haitaisha. Mimi hata leo binti zangu wakiingia nikiwa naoga nawapa mgongo.

Gesare bado yuko, na anasema sufuria ile ilikuwa ya kwake na kwamba Moraa alirudi benchi letu kabla ya mavuno, sio baada. Mimi nakumbuka hakurudi. Huenda nimechanganya pia ni mvua ipi aliyofariki Magokoro, na kama Sista Bochaberi alikuwa wa Nyamira hasa au wa karibu na hapo. Waliokuwepo mnafahamiana, na waliobaki ni wachache. Mkiona nimekosea jina au majira, njooni mnikosoe, wala msione haya.